Mluzi wa Wimbo wa Tano

Tulipoachana wiki iliyopita, Mama Tryphosa alikuwa chini ya meza yake ya kukatia nguo. Saa nane mchana, jua linawaka mtaa mzima wa Langas, mwanamke wa miaka hamsini na sita amejikunja kati ya mabaki ya vitambaa, mikono miwili mdomoni. Moto wa jiko alikuwa ameumwagia maji kwa mkono wake mwenyewe, maharagwe yakiwa hayajaiva. Maneno aliyomwambia bintiye yalikuwa mawili tu: "Nyamaza. Wamefika."

Wiki nzima simu yangu haikupata usingizi. Msomaji mmoja wa Kapsoya ameapa kwamba mama huyo amerogwa. Mwingine anataka aombewe kabla ya Jumapili. Ndugu zangu, punguzeni presha. Katika hadithi hii hakuna mchawi, na angekuwepo ningemleta mapema, maana mchawi huuza magazeti.

Nawe unayeingia leo, sogea nikupe kwa ufupi. Tryphosa na mchumba wake Edwin ndio wale waimbaji wawili wanaojiita Kuni Mbili. Walichukua nyimbo tisa za roki ambazo wazazi wetu walizirukia hadi viatu vikapasuka, wakaondoa magitaa yote, wakapunguza mwendo, wakaziimba kwa sauti mbili na kinanda kimoja, kwa mtindo wa soul tupu. Albamu wakaiita Moto Mdogo. Sasa huwezi kunyolewa Eldoret bila kuisikia.

Wimbo wa tano, "Taa za Nyumbani", ndio uliowashika watu zaidi, na unaanza kwa mluzi wa Edwin. Mama Tryphosa, ambaye redio yake ni ya nyimbo za kanisa na matangazo ya vifo, hakuwa ameusikia hadi bintiye alipomwekea siku ile. Mluzi ulipokwisha, mama alikuwa ameshaingia chini ya meza.

Tryphosa alidhani ni presha imempanda. Akataka kuita majirani. Mama akamshika kifundo cha mguu, akamvuta akae naye chini, na wakakaa hivyo karibu nusu saa. Kisha mama akatoka mwenyewe, akajifunga leso upya, akaketi kwenye cherehani na kuendelea na kola ya sare ya shule aliyokuwa ameiacha nusu.

"Hiyo wimbo mlitoa wapi?" akauliza bila kuinua macho.

Tryphosa akaeleza kwamba ni wimbo wa zamani wa bendi ya Radi Nane, vijana wa hapa hapa Eldoret, na kwamba ulivuma sana Krismasi ya 2007.

"Wenye wimbo nawajua. Nauliza huo mluzi."

"Ni Edwin, Mama."

Cherehani ikasimama.

Hapo ndipo Tryphosa alipojua kwamba amelelewa kwa uongo. Tangu utotoni aliambiwa baba yake, fundi Wabuge, aligongwa na lori kwenye barabara ya Nakuru. Alikuwa amejaza hivyo kwenye fomu za shule, na akawahi kuwachukia madereva wa malori mwaka mzima. Mama akaufuta uongo huo kwa dakika kumi. Hapakuwa na lori.

Walikuwa wakiishi Burnt Forest. Wabuge alikuwa na karakana ya mbao kando ya barabara, nyumba ikiwa nyuma yake, na Tryphosa alikuwa na miaka minne. Siku chache baada ya matokeo ya uchaguzi wa mwaka ule kutangazwa, vijana wa kabila jingine wakiwa wameanza kuwachomea majirani nyumba, jioni, jua bado lipo, wakasikia mluzi kutoka upande wa juu. Ulikuwa ule wimbo wa Krismasi. Mtu akaupiga hadi mwisho. Kisha kutoka upande wa chini ukajibiwa mara mbili, fupi fupi. Ukapigwa tena juu, ukajibiwa tena chini.

Mama akajua wamezungukwa. Akamwaga maji kwenye moto, akambeba mtoto, akaingia naye kwenye stoo ya mahindi na kumziba mdomo.

"Baba yako alikuwa na sisi," akasema. "Alikuwa ameshaingia ndani ya stoo. Tumenyamaza, hakuna mtu angejua tuko hapo. Hiyo ya chini ikapigwa mara ya tatu. Akavaa viatu, akatoka. Hata hakuniambia kwa nini."

Wabuge hakurudi. Asubuhi majirani walimkuta barabarani, mita mia moja kutoka nyumbani kwake.

Wasomaji wangu, mjane huyu hakuwa na huzuni peke yake. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kumkasirikia marehemu. Hiyo ndiyo iliyomfanya atunge lori. Mtu aliyegongwa na lori hana lawama, lakini mtu aliyewaacha mkewe na mtoto wake kwenye maficho akaenda kujitoa mwenyewe, utamwelezaje mtoto?

"Nilimkasirikia sana, Tryphosa. Mpaka leo nikipika namwuliza. Ulitoka ukienda wapi?"

Kisha akasema lililomfanya bintiye ashike ukingo wa meza. Radi Nane, alisema, walimalizia mluzi wao juu, ngoma ikaingia. Zile sauti mbili fupi hazimo kwenye wimbo wao. Zilikuwa za jioni ile peke yake, na yeye hajazisikia tena popote hadi leo, kwenye simu ya mwanawe.

"Edwin anapiga wimbo, halafu anapiga hizo mbili. Nani alimfundisha?"

 Wazee wa kina Edwin walikuwa wamepangiwa kuja Langas mwezi ujao kuleta posa, na mama mwenyewe alikuwa ameshashona vitambaa vya makochi kwa ajili yao. Sasa akavikunja akavirudisha kabatini. Akasema wazee hao wasikanyage kwake, na Tryphosa asiimbe na Edwin tena, hadi alete jibu la swali moja.

"Sitaki kesi. Sitaki pole ya mtu. Nataka tu kujua baba yako alitoka kwa nini."

Basi Tryphosa akaenda mjini akiwa na swali hilo.

Studio yao iko juu ya duka la mazulia, na mwenyewe ni Ruwayda, mwanamke ambaye ukimweleza shida yako anatazama saa. Yeye ndiye aliyeirekodi Moto Mdogo, na yeye ndiye aliyepanga onyesho la Jumamosi iliyokuwa ikija. Mabango yalikuwa yameshabandikwa. Ukitaka kujua onyesho lilikuwa wapi, nitakuambia, lakini usinitupie gazeti: lilikuwa Burnt Forest.

Tryphosa akasema wimbo wa tano uondolewe. Ruwayda akamwuliza kama ameota. Watu wa Burnt Forest wameutaka huo kuliko nyingine zote, wanauchezesha hadi kwenye harusi. Edwin, aliyekuwa akila chapati pembeni, akasema kama Tryphosa hautaki basi utoke, yeye hana neno. Kijana mpole huyo, na ndiyo maana sehemu hii inaniuma kuiandika.

Ruwayda akaona amalize ubishi. Akautafuta wimbo wenyewe wa Radi Nane kwenye kompyuta, ili Tryphosa asikie kwamba ni wimbo tu kama nyimbo nyingine. Mluzi ukapanda, ukakaa juu, ngoma ikaingia. Kisha akaweka wa Kuni Mbili. Mluzi ukapanda, ukakaa juu, na kabla ya kinanda, zikaja mbili fupi.

"Siku ya kurekodi nilidhani hiyo ni ubunifu yako, Edwin," Ruwayda akasema. "Nikasema wacha ikae, iko poa."

Edwin akacheka. Akasema yeye hajawahi kuwa na rekodi ya Radi Nane maishani. "Mimi najua ile ya Baba. Anaipiga akikamua ng'ombe, tangu nikiwa mdogo. Huwa inaisha hivyo."

 Tryphosa hakutaka kusema mbele ya Ruwayda, lakini alishindwa kujizuia, akasema yote: stoo ya mahindi, mluzi wa juu, mluzi wa chini, viatu vya baba yake. Alipomaliza, Edwin alikuwa ameiweka chapati juu ya spika.

"Unasema babangu aliua babako?"

"Sijasema. Nasema twende tumwulize."

"Babangu hawezi kuchinja hata kuku. Uliza mtu yeyote kwetu Ziwa."

"Sawa. Basi atatujibu."

Nilitarajia Ruwayda awafukuze wote wawili na kutafuta waimbaji wengine, na nadhani nanyi mlitarajia hivyo. Badala yake akafungua mkoba, akatoa ufunguo wa gari lake, akauweka mbele ya Edwin. Akasema onyesho bila wimbo wa tano anaweza kulivumilia, lakini watu wawili wasioongea hawezi kuwapandisha jukwaani. Waende, na wakirudi wawe wanajua.

Wakaondoka asubuhi iliyofuata. Barabara ya Ziwa ina mahindi pande zote. Njiani Tryphosa akauliza kama familia ya Edwin iliwahi kuishi Burnt Forest. Ni swali ambalo kwa miaka miwili ya kuimba pamoja hakuwahi kuliuliza. Kwa nini aulize? Yeye alikuwa wa Langas, Edwin wa Ziwa, na huko kwetu watu wamejifunza kutochimba sana mtu alikuwa wapi mwaka ule.

 Edwin akasema walikodi shamba la viazi huko, labda msimu mmoja, akiwa hajaanza darasa la kwanza. Kisha yeye akaugua, wakarudi Ziwa.

"Uliugua nini?"

"Mama aliniambia ni malaria ilipanda kichwani. Mimi sikumbuki kitu."

Walimkuta Baba Edwin zizini. Mzee wa miaka sitini hivi, mwembamba, gambuti miguuni, anayeipenda albamu ile kuliko waimbaji wenyewe. Alimwita Tryphosa mwanangu, akamletea kiti, akaagiza chai, akaanza kuuliza habari za mama na lini hasa wazee waende. Tryphosa akaona akikaa kwenye kiti hicho atashindwa. Akabaki amesimama, akamwomba mzee awapigie mluzi wa wimbo wa tano.

Mzee akafurahi. Akafuta midomo, akapiga wimbo wote, na mwisho akapiga zile mbili fupi.

"Baba, hizo mbili ulizitoa wapi?"

"Si ni wimbo?"

"Hazimo kwa wimbo. Tumesikiliza jana."

Baba Edwin akamtazama kijana wake, kisha akamtazama msichana kwa mara ya kwanza vizuri. Akamwuliza mama yake ni nani. Tryphosa akataja jina, Linah, na akaongeza kwamba ni mjane wa Wabuge, fundi wa mbao, Burnt Forest.

Mzee akaketi kwenye kile kiti alichomletea mgeni. Akamwambia Edwin aende akatazame chai. Edwin akakataa. Akamwambia mara ya pili kwa ukali, na Edwin akakataa tena, akajibu kwamba kama kuna jambo, lisemwe akiwepo.

"Haya," akasema mzee. "Nilikuwepo."

 

Mzee akaeleza kwamba vijana walimpitia nyumbani siku ile, wakamwambia kila mwanamume atoke. Kazi yake ilikuwa kusimama kilimani kutazama gari la polisi. Alikubali. Hakujitetea hapo. Alisema aliogopa, akakubali, na hana cha kuongeza. Mkewe alikuwa amelazwa hospitali ya Plateau na mtoto mchanga, na huyu mkubwa wa miaka sita hakuwa na mtu wa kumwachia.

"Huyu mkubwa ni mimi?" Edwin akauliza.

Baba yake akaendelea kana kwamba hakusikia. Alimficha mtoto chini ya barabara, ndani ya kalvati la maji ambalo wakati wa kiangazi lilikuwa kavu. Akamwambia asitoke hata akisikia nini. Akamwambia, nikipiga mluzi wa ile wimbo, wewe nijibu mara mbili, nijue uko. Huo mluzi haukuwa wa vijana. Haukuwa wa kuzunguka nyumba ya mtu. Ulikuwa wake na mtoto wake.

Tryphosa akamfikiria mama yake chini ya meza. Miaka kumi na minane ameuogopa mluzi wa mtu aliyekuwa akimwuliza mwanawe kama yuko salama. Akataka kukasirika, na hasira ikakosa pa kukaa.

"Sasa babangu alitoka kwa nini?"

"Alikuwa anamjua Edwin. Karakana yake ilikuwa karibu na shamba letu. Huyu alikuwa anaenda kila siku kuchukua vipande vya mbao, na akifika kwa mlango alikuwa anapiga hizo mbili, pole pole, mtu wa nyuma kwa nyumba hangesikia. Wabuge alikuwa anamjibu. Mimi nilikuwa juu, sikuona. Vijana walikuwa wamewasha nyasi kule chini. Moto ulikuwa unaenda kwa kalvati. Lazima Wabuge aliuona kwa ufa. Aliskia ni nani analia na mluzi hapo chini, na akaona moto unaenda wapi."

Edwin alikuwa ameshika nguzo ya zizi. Ng'ombe alimsukuma bega kwa pua na hakuhisi.

"Alimtoa?" Tryphosa akauliza.

"Alimtoa. Alimbeba mpaka barabarani. Hapo ndio vijana walimpata, amebeba mtoto ambaye si wake. Walidhani amemteka. Walikuwa wanamwuliza mtoto ni wa nani na anampeleka wapi. Nilifika wakiwa bado wanamwuliza."

Sasa sauti yake ikapungua, na sitamsaidia hapa. Nimuache aseme mwenyewe.

"Aliniona. Akaniambia, chukua mtoto wako. Nikachukua. Ningesema neno moja tu, huyu ameniokolea kijana, wangemwacha. Niliogopa wataniuliza kwa nini mtoto wangu anabebwa na yeye. Nikageuka nikaenda. Sikusema kitu."

Hakuna aliyelia. Nimejaribu kumfanya mmoja wao alie na imeshindikana. Chai ilikuwa ikimwagika motoni jikoni, wote wakiisikia, na hakuna aliyekwenda kuiepua.

Mzee akasema usiku huo huo aliondoka na Edwin kurudi Ziwa, na kwamba mtoto hakutamka neno miezi mitatu. Haikuwa malaria. Alichojibu kilikuwa mluzi peke yake. Ndiyo maana baba akawa anaupiga kila asubuhi wakati wa kukamua, akisubiri zile mbili fupi, hadi siku moja mtoto akaomba maziwa kwa mdomo wake. Baada ya hapo hakuweza kuacha kuupiga.

"Kila siku nimengoja mtu wa kwao aje," akasema. "Sikujua atakuja akiniita Baba."

Tryphosa akatoa simu. Alikuwa amemwahidi mama jibu, na jibu alikuwa nalo, la kumwondolea marehemu lawama yote. Wabuge hakuwatupa. Alitoka kumchukua mtoto wa jirani kwenye moto. Lakini ili amwambie mama hayo ilibidi amtaje mtoto ni nani, na akishamtaja, yule kijana anayepaswa kuleta posa mwezi ujao atakuwa ndiye aliyemfanya mama awe mjane. Alimgeukia Edwin ili amwombe ruhusa, au amlaumu, hata yeye hakujua ni lipi.

Edwin alikuwa mweupe midomoni. Alisema taratibu kwamba anakumbuka harufu ya vanishi. Siku zote hakujua ni ya nini. Anakumbuka koti, na kifua cha mtu anayekimbia.

Simu ikapokelewa Langas. Cherehani ilisikika nyuma, kisha ikanyamaza.

"Umeuliza?" sauti ya mama ikasema. "Tryphosa? Alitoka kwa nini?"

 Edwin akaachia nguzo, akavuka zizi, akanyoosha mkono. Baba yake akainuka kumzuia, akamsihi amwache mama huyo wa watu apumzike. Edwin akampita. Akaichukua simu mkononi mwa Tryphosa, akaiweka sikioni.

"Mama," akasema, "ni Edwin. Alitoka kwa sababu yangu."